Bia ya Kopo Inapokawia Kuiva

Baridi inapoingia Uingereza, wauzaji wa vifaa vya kupikia bia nyumbani huanza kupokea swali moja kutoka kwa wanunuzi wapya: nimetia hamira juzi, ndoo imenyamaza, je, nimwage? Mara nyingi jibu ni usimwage, kwa kuwa bia ni nzima na kazi inaendelea. Mara chache tatizo lipo kweli, ila lilizaliwa kabla hamira haijagusa maji ya kimea au saa chache tu baada ya hapo, na sasa limebaki la kusimamiwa. Hoja ya uchambuzi huu ni hiyo: kukawia kwa bia ya mpikaji mgeni huamuliwa karibu kote siku ya kwanza, na yale anayoyafanya baadaye kwa pupa huiharibu bia kuliko kukawia kwenyewe.

Kopo na kazi iliyobaki

Shira ya kimea, ile inayouzwa ndani ya kopo, ina historia ya kupita pembeni mwa sheria. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, viwanda vya bia kama Pabst na Anheuser-Busch viliuza shira hiyo madukani kama kiungo cha kuoka, na wanunuzi wengi walijua fika inakwenda kufanya kazi gani. Marufuku ilipoondolewa, divai ya nyumbani iliruhusiwa lakini bia ikasahauliwa, mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini mabadiliko ya sheria Oktoba 1978. Leo kaya ya huko yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa kupika galoni 200 kwa mwaka kwa matumizi yake, si kwa kuuza. Uingereza ilitangulia: mwaka 1963 Waziri wa Fedha Reginald Maudling alifuta leseni ya upishi wa nyumbani, na miaka michache baadaye makopo yalikuwa yakiuzwa hata katika maduka ya dawa ya Boots.

Ndani ya kopo kuna shayiri iliyokwisha kuoteshwa, kukaushwa, kusagwa, kulowekwa katika maji ya moto hadi wanga ukageuka sukari, kisha maji yakaondolewa hadi ikabaki shira nzito yenye maji asilimia 20 hivi. Makopo mengi huwa yamekwisha kutiwa hopi pia. Mnunuzi anamimina, anaongeza maji, anatia hamira. Kiwanda kimemfanyia kila jambo gumu isipokuwa moja, nalo ni kulea kiumbe hai. Ndiyo maana malalamiko ya mpikaji wa kopo ni machache kwa aina, na mengi yake yanaihusu hamira.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuingiwa na wasiwasi. Mbege ya Kilimanjaro, inayopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, au busaa ya magharibi mwa Kenya, huchachuka katika chombo kisichofungwa kabisa, kwenye joto, kwa hamira na bakteria wanaofanya kazi pamoja. Hunywewa ikiwa bado inatoa povu, na siku moja au mbili zinatosha kuitofautisha pombe changa na iliyoiva. Mtu aliyezoea hayo akihamia Leicester au Minneapolis, akanunua kopo lake na kufunga ndoo yake katika chumba cha nyuzi 16, atadhani bia imekufa. Haijafa. Imepewa hamira ya aina moja, joto dogo, na kazi ya kumaliza karibu sukari yote inayoliwa kabla bia haijaingia chupani. Kazi hiyo ni ya wiki, si ya siku.

Povu si ushahidi

Kabla ya kutafuta sababu ya kukawia, sharti ithibitike kwamba kuna kukawia. Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa kuwa wanakitazama kizibo cha maji: kile kidude cha plastiki juu ya mfuniko kinachotoa gesi na kuzuia hewa ya nje isiingie. Kikitoa mapovu, roho inatulia. Kikinyamaza, usingizi unaruka.

Lakini kizibo hakipimi uchachukaji. Kinapima gesi iliyopita hapo, basi. Mfuniko wa ndoo ya plastiki usipokaa sawasawa, gesi yote hupitia ukingoni na kizibo hakitatikisika hata siku moja, ilhali ndani bia inafoka. Kinyume chake pia ni kweli. Bia iliyokwisha kazi hushika gesi nyingi ndani yake, na chumba kikipata joto mchana gesi hiyo hutoka na kuchezesha kizibo kana kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Ushahidi wa macho ulio bora kidogo ni duara la uchafu wa kahawia lililoganda ukutani mwa ndoo juu ya usawa wa bia. Duara hilo likiwepo, povu lilipanda na kushuka, pengine usiku watu wamelala.

Shahidi wa kuaminika ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kusoma uzito wa kioevu ukilinganishwa na maji. Maji safi husoma 1.000. Sukari hupandisha kipimo; hamira ikiila na kutoa pombe, kipimo hushuka. Tofauti ya mwanzo na mwisho ikizidishwa kwa 131 hutoa asilimia ya pombe kwa makadirio: bia iliyoanza 1.045 ikaishia 1.011 ina karibu asilimia 4.5.

Kwa mpikaji wa kopo kuna neema moja asiyokuwa nayo anayeanzia kwenye punje: kipimo cha mwanzo kinajulikana kabla hata ya kupima. Kilo moja ya shira katika lita 10 hutoa takriban nukta 30, yaani 1.030. Kilo moja ya kimea cha unga hutoa takriban 37, na ya sukari ya mezani karibu 38. Chukua mapishi ya kawaida: kopo la kilo 1.7, sukari kilo 1, maji hadi lita 23. Kimea kinaleta nukta 22, sukari 17, jumla 1.039. Shira ikiwa imeingia yote na maji ni lita 23, haiwezekani iwe tofauti sana na hapo.

Hata hivyo wapo wanaopima na kupata 1.028, wengine 1.055, wakaanza kuhangaika. Kosa liko katika kuchanganya. Mgeni huyeyusha shira katika lita chache za maji ya moto, kisha hujaza ndoo kwa maji baridi ya bomba. Maji mazito ya kimea hutulia chini kama asali chini ya kikombe cha chai. Anayechota juu anapima maji, anayefungulia bomba la chini ya ndoo anapima shira. Joto nalo lina hila yake: haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 20, na sampuli ya nyuzi 40 husoma nukta sita hivi chini ya ukweli. Mwishoni mwa kazi kuna hila ya tatu. Mapovu ya gesi hujishika kwenye kijiti na kukiinua, hivyo bia huonekana nzito kuliko ilivyo. Dawa ni kukizungusha kijiti kwa vidole mpaka mapovu yabanduke, au kuimimina sampuli mara kadhaa kutoka glasi hadi glasi kabla ya kupima.

Ukishapata kipimo cha kuaminika, lalamiko hugawanyika katika mafungu matatu, na kila fungu lina sababu zake: bia iliyochelewa kuanza, bia inayosuasua, na bia iliyosimama kabla ya kufika.

Iliyochelewa kuanza

Hamira ikiingia katika maji ya kimea haianzi kutoa pombe papo hapo. Hujipanga kwanza: hunyonya oksijeni, hujenga utando wa seli, huongezeka idadi. Ukimya wa saa 6 hadi 24 ni wa kawaida. Zikifika saa 48 bila povu wala badiliko la kipimo, ni haki kuuliza. Zikipita 72, ni lazima kutenda.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni joto, katika pande zake mbili. Upande wa baridi ndio maarufu. Hamira nyingi za bia aina ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Chini ya 15 nyingi huzembea, na baadhi hutuama kabisa chini ya ndoo. Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto asubuhi na jioni tu, na ndoo iliyowekwa sakafuni jikoni huonja baridi ya usiku kucha ambayo kipimajoto cha ukutani hakiioni. Kuna pia mtego wa lebo. Kopo likiandikwa "laga", mgeni aliyesoma kwamba laga huchachushwa kwenye baridi ya nyuzi 9 hadi 13 huipeleka ndoo yake gereji. Lakini pakiti iliyo chini ya mfuniko wa makopo mengi ya laga ni hamira ya eli, iliyochaguliwa kwa sababu wanunuzi wengi hawana jokofu la ziada. Gerejini hamira hiyo inalala.

Upande wa moto ni mbaya zaidi kwa sababu hamira iliyokufa haifufuki. Maji ya kimea yaliyotoka jikoni hukawia kupoa, na ndoo ya lita 23 inaweza kukaa juu ya nyuzi 40 kwa saa nyingi. Anayetia hamira hapo kwa kuwa "vuguvugu ni zuri kwa hamira" huua sehemu kubwa ya seli zake, na zinazonusurika huamka dhaifu. Vuguvugu linafaa kwa kazi moja tu, ya kuirudishia maji hamira kavu kabla ya kuitia: maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 30 au 35, uzito wake mara kumi ya ule wa hamira, kwa robo hadi nusu saa. Halafu hamira hiyo ikaribishwe taratibu kwenye joto la ndoo, isirushwe ghafla kutoka nyuzi 35 hadi 16.

Sababu ya pili ni hamira yenyewe, wingi wake na umri wake. Mapishi ya lita 23 ya nguvu ya kawaida yanahitaji seli hai zipatazo bilioni 170 kwa kanuni wanayoitumia wapikaji wengi wa eli. Pakiti ya gramu 11 iliyotunzwa vizuri inatosheleza mahitaji hayo bila wasiwasi. Pakiti nyingi za juu ya kopo ni za gramu 5 hadi 7, nazo zimesafiri na kopo, zimekaa ghalani na kopo, zimepigwa joto la dirisha la duka pamoja na kopo. Shira huvumilia safari hiyo. Hamira hupungua kila mwezi. Tarehe iliyo chini ya kopo ni tarehe ya hamira pia, na likikaribia ukomo wake, ni afadhali kununua pakiti mpya kuliko kubahatisha ndoo nzima.

Sababu ya tatu ni oksijeni. Kuchemsha kunaifukuza hewa yote katika maji ya kimea, na hamira inaihitaji kutengeneza mafuta ya utando wa seli zake. Hamira kavu hukaushwa ikiwa na akiba yake, hivyo haitetereki sana. Hamira ya maji hutegemea zaidi hewa ya ndooni. Ni kazi ya dakika chache: maji ya kujazia yamiminwe kutoka juu yakirusha povu, na ndoo ikorogwe kwa nguvu kwa kijiko kilichosafishwa. Wakati wake ni huo tu, kabla ya uchachukaji kuanza. Hewa ile ile ikiingia siku ya tano hugeuka adui. Huichakaza bia na kuipa ladha ya karatasi iliyolowa.

Ya nne ni dawa ya kusafishia. Ndoo iliyooshwa kwa dawa yenye klorini na kusuuzwa juujuu hubaki na masalia ya kutosha kuidhoofisha hamira na kuiachia bia harufu ya hospitali. Usafi ni lazima, na kusuuza ni sehemu ya usafi.

Inayosuasua

Fungu la pili ni la bia iliyoanza vizuri, ikafika katikati, kisha ikawa inashuka nukta moja kwa siku au chini ya hapo. Mara nyingi hili nalo ni joto, ila kwa njia isiyoonekana haraka. Uchachukaji hutoa joto lake wenyewe; siku ya pili au ya tatu bia ndani ya ndoo inaweza kuwa juu ya chumba kwa nyuzi mbili hadi nne. Kasi ikipungua, joto hilo hutoweka na bia hushuka hadi joto la chumba wakati ule ule ambapo hamira imechoka na imezungukwa na pombe. Chumba cha nyuzi 16 kilichotosha siku ya pili hakitoshi siku ya sita. Wapikaji wenye uzoefu huanza kwenye joto la chini kidogo na kulipandisha mwishoni. Mgeni, bila kujua, hufanya kinyume chake.

Sababu nyingine iko katika mfuko wa sukari. Kopo la kilo 1.7 na sukari kilo 1 maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 40 ya chakula cha hamira ni sukari tupu. Sukari haina naitrojeni, haina zinki, haina vitamini. Kimea kinavyo, na bia ya kimea kitupu kwa kawaida haihitaji nyongeza yoyote. Ukikichanganya na sukari kwa kiwango hicho unakipunguza, na ikiwa shira ilikuwa nzee, hali inazidi: shira inapokaa muda mrefu huendelea kuwa nyeusi, na weusi huo hutokana na sukari kuungana na amino asidi zile zile ambazo hamira ingezila. Kopo lililopita umri hutoa bia nyeusi kuliko picha ya lebo, yenye ladha kali kidogo, na hamira yenye njaa. Marekebisho yake ni ya dukani: badala ya sukari kilo 1, nunua kimea cha unga kilo 1. Kipimo cha mwanzo hubaki karibu pale pale, 1.038, lakini hamira inapata chakula kamili na bia inapata mwili.

Hapa inafaa kutaja kwamba joto la pwani yetu hutoa tatizo la upande wa pili. Mtu akipika kopo hilo hilo Mombasa au Dar es Salaam katika chumba cha nyuzi 29, hatalalamika kuhusu kukawia. Ndoo itafoka usiku wa kwanza na kutulia siku ya tatu, na bia itakuwa na harufu ya kiyeyushi cha rangi na kuumiza kichwa asubuhi. Kasi haijawahi kuwa kipimo cha ubora. Bia inayochukua siku kumi kwenye nyuzi 18 itaishinda kwa ladha, kwa hamira hiyo hiyo, ile iliyomaliza kwa siku tatu kwenye 29.

Iliyosimama kwenye 1.020

Fungu la tatu ndilo gumu, na ndilo lenye hatari. Bia imeshuka kutoka 1.045 hadi 1.020, ikaganda hapo siku tatu mfululizo. Wapikaji wa shira hukutana na namba hiyo mara nyingi kuliko wanaoanzia kwenye punje, na swali ni moja: imemaliza au imekwama?

Inaweza kuwa imemaliza. Hamira haili sukari zote. Maltosi inaliwa, dekstrini haziliwi, na uwiano wa hizo mbili uliamuliwa kiwandani shayiri ilipolowekwa. Mpikaji wa nyumbani hana mkono hapo. Shira nyingi za leo huruhusu hamira ya kawaida kupunguza asilimia 70 hadi 80 ya nukta za mwanzo, kwa hiyo 1.045 inatazamiwa kuishia kati ya 1.009 na 1.014. Lakini kumewahi kuwapo kimea cha unga kutoka Uholanzi kilichojulikana kwa dekstrini nyingi, na aliyekitumia alibaki juu hata angefanya nini. Aliyeongeza kimea cheusi au cha karameli naye ameongeza sukari zisizolika.

Inaweza pia kuwa imekwama: joto lilishuka, hamira ilikuwa chache, au bia ilihamishwa mapema. Hili la mwisho latokana na ushauri wa zamani kwamba siku ya saba bia iondolewe juu ya mashapo na kumiminwa katika chombo cha pili. Katika bia iliyokwisha kazi, kuihamisha hakuna madhara makubwa. Katika bia iliyofika nusu, mashapo hayo ndiyo hamira yenyewe, na anayeyaacha nyuma amewaacha wafanyakazi wake nyumbani.

Kipo kipimo kinachotenganisha hali hizi mbili bila kubahatisha. Chota mililita 300 za bia katika chupa safi. Tia kijiko kizima cha hamira kavu, hata ya mkate, kwa kuwa hiyo ni jamii moja na hamira ya eli. Ziba mdomo kwa karatasi ya foili bila kukaza, iweke chupa mahali penye nyuzi 25 hadi 27, karibu na jokofu kwa nyuma au juu ya boila, na uitikise kila unapopita. Baada ya siku mbili au tatu, mimina, ondoa gesi, pima. Ikisoma 1.019, sukari inayolika imekwisha. Ndoo imemaliza na hakuna hila itakayoishusha. Ikisoma 1.011, ndoo imekwama na ina nukta tisa za kwenda. Sampuli hiyo hainywewi wala hairudishwi ndooni. Kazi yake ilikuwa kutoa jibu.

Jibu hilo lina uzito kwa sababu ya chupa. Bia huingizwa chupani na sukari kidogo, gramu 6 hivi kwa lita, ili hamira iliyobaki itengeneze gesi ndani. Kila nukta mbili zinazoshuka ndani ya chupa iliyofungwa huzalisha gesi inayokaribia ujazo mmoja wa bia yenyewe. Bia ya kawaida ina ujazo wa gesi kati ya 2 na 2.6. Iliyofungwa ikiwa na nukta nne za ziada itaongeza karibu kiasi hicho tena, na chupa ya kioo haikuumbwa kwa shinikizo hilo. Hupasuka kabatini, mara nyingine mkononi. Mgeni anayeogopa kwamba bia imekawia, akaamua kuifunga ili "imalizie chupani", anajitengenezea mabomu.

Tiba, kwa mpangilio wake

Zipo tiba nne zinazofaa, na mpangilio wake ni muhimu kuliko wingi wake, kwa kuwa kila moja ina madhara yanayozidi ya iliyoitangulia.

Ya kwanza ni joto. Pandisha ndoo hadi nyuzi 20 au 22, polepole, kwa kuihamishia chumba cha ndani, kuifunga blanketi, au kuisimamisha katika beseni la maji lenye kipasha maji cha tanki la samaki. Hii peke yake humaliza sehemu kubwa ya malalamiko yote, na haiigusi bia.

Ya pili ni kuamsha mashapo: izungushe ndoo taratibu bila kufungua mfuniko, ili hamira iliyolala chini ipande. Usiitikise kwa nguvu ya kuingiza hewa.

Ya tatu ni hamira mpya, na hapa wengi hukosea. Kumwaga pakiti kavu juu ya bia yenye pombe asilimia tatu ni kuiamsha hamira katika mazingira yaliyokwisha kuwa magumu, na mara nyingi haifui dafu. Njia bora ni kuianzishia kazi pembeni: nusu lita ya maji ya kimea mepesi, pakiti nzima, joto la nyuzi 20, na kuisubiri mpaka povu liko kileleni. Hapo ndipo inamiminwa ndooni, ikiwa tayari na mwendo.

Ya nne ni vimeng'enya vinavyokata dekstrini. Vinafanya kazi kweli, tena kupita kiasi. Ukishavitia huna namna ya kuvisimamisha nyumbani, na bia inaweza kushuka hadi 1.000 au chini, ikakauka mdomoni, au ikaendelea kushuka ikiwa chupani. Kwa mgeni, bia tamu kidogo ya 1.018 iliyothibitishwa kwamba imemaliza ni bora kuliko kucheza na vimeng'enya hivyo.

Kwa bia iliyopitisha saa 72 bila dalili yoyote, mpangilio ni mfupi zaidi: hakikisha joto, kisha tia pakiti nyingine ya gramu 11 bila kusubiri. Maji ya kimea yaliyokaa bila hamira hai ni karamu ya bakteria, na kila saa inayopita inawapa wao nafasi. Harufu ya siki au utando mweupe wenye mikunjo juu ya bia ni dalili kwamba wameshawahi.

Lawama iende kwa nani

Mtu akipanga sababu zote hizi katika mstari mmoja, ataona kwamba nyingi zinajulikana siku ya ununuzi: umri wa kopo, uzito wa pakiti, sukari au kimea, joto la chumba. Ataona pia kwamba karatasi za maelekezo zinazokuja na makopo mengi husema kidogo sana kuhusu mambo hayo, lakini husema kwa uhakika idadi ya siku: tano, sita, saba, kisha chupani. Idadi ya siku ni ahadi ya kibiashara. Hakuna kiwanda kinachojua chumba cha mnunuzi kina nyuzi ngapi, na kwa hiyo hakuna kiwanda kinachoweza kujua siku.

Maelekezo ya haki yangechapisha mambo matatu kwenye lebo: kipimo cha mwisho kinachotazamiwa kwa shira ile, aina ya hamira iliyomo na joto lake, na tarehe ya kuitupa pakiti hata kama shira bado ni nzuri. Wapo watengenezaji wachache wanaofanya hivyo, na hakuna gharama kubwa katika kuchapa mistari mitatu. Mpaka wengine wafuate, mnunuzi ajitegemee. Haidromita na kipimajoto vinauzwa kwa bei iliyo chini ya kopo moja, na pakiti ya ziada ya gramu 11 ni nafuu zaidi. Mwenye vitatu hivyo hana haja ya kuhesabu siku: kipimo kikiwa pale pale kilipotazamiwa, na siku tatu baadaye kikawa hapo hapo, bia imeiva. Kikiwa juu, anajua mahali pa kuanzia kutafuta.